Pati ya MX-4 kwa prosesa: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Bandugu, mi nafanya montaji ya video za ndoa huku Katuba, tur yangu (kompyuta ya boksi) ni ya okazyo, iko na prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4. Mwezi wa kumi, munajua ile joto ya hapa mbele mvula ianze, kila nikianza kutoa video ya mwisho mashine inaenda dakika kumi halafu inazimika. Nikafikiri ni kura (umeme) inashuka, nikanunua stabilizatere, ikazimika vilevile. Siku nimeweka HWMonitor, programu ya kupima joto ya mashine, njo nikaona: digri 98 na bado inapanda. Ile prosesa ikifika 100 inapunguza mbio, ikizidi tena inakata mashine nzima isiungue.

Fundi mumoja wa ku vile (mujini katikati) alifungua, akapanguza prosesa na kitambaa kikavu, akapakaa kitu cheupe kama dawa ya meno mpaka ikamwagika pembeni, nikamlipa. Siku mbili poa, juma iliyofuata 96 tena. Nilipofungua mwenyewe nikakuta imekauka kama chokaa ya ukuta, unga mutupu. Iliniuma sana, maana kulikuwa familia inangojea video ya mtoto wao na mi nawaambia kesho, kesho.

Njo nikatafuta pati ya kweli, ile dawa laini ya kupakaa kati ya prosesa na rediatere (chuma chenye kutoa joto, chenye ventilateri). Muuzaji akanitolea sirinji mbili, Arctic MX-4 ya gramu 4 na ingine ndogo ya kijivu isiyo hata na jina, akasema "Yaya, yote ni pati tu, chukua ya bei chini." Nikakataa, nikalipa dola 10. Za bandia ziko, kwa hiyo kagua boksi, Arctic, kampuni inayoitengeneza, wako na ukurasa ku sayiti yao wa kuhakikisha kode (namba) ya boksi.

Sasa sikieni hii, maana hapa njo wengi wanakosea. Pati siyo inapoza, shaba njo inapoza. Sisi ambao jimbo letu liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997 tungepaswa kulijua mbele ya wengine! Shaba inapitisha joto karibu wati 400 kwa mita kwa digri, MX-4 Arctic wenyewe waliandika 8.5, na hewa haifiki hata 0.03. Kofia ya prosesa (kifuniko chake cha juu) ni shaba iliyopakwa nikeli, kwa macho unaona laini, lakini iko na vishimo vidogo vidogo na mu ile vishimo munakaa hewa. Kazi ya pati ni kufukuza ile hewa, basi. Ukiijaza nene umejenga ukuta kati ya vyuma viwili ambavyo vilitaka kugusana.

Nilipanguza ya zamani na alkoli isopropili ya asilimia 99 (ya farmasi ya asilimia 70 iko na maji mengi, ukikosa ingine tumia ile lakini ngoja ikauke kabisa kabisa), nikaweka tone moja katikati, kama nusu ya punje ya mahindi, nikashusha rediatere wima bila kuitelezesha, nikakaza vise (skrubu) kwa musalaba, kidogo kidogo, hii halafu ya ngambo yake. Ukiinua tena kuchungulia, hewa imeingia, panguza uanze upya. Mi nilichungulia mara ya kwanza, nikarudilia yote.

Matokeo: ikipumuzika digri 39, ikitoa video ya saa moja na nusu haipiti 73, na ventilateri hailii tena usiku. Nisidanganye, siku ile nilitoa pia vumbi nyekundu iliyoziba rediatere, kwa hiyo siyo pati peke yake.

Kijana mumoja aliniuliza mbona sikuchukua ile ya metali ya maji, inapitisha joto kuliko zote. Ile iko na galiamu, ikigusa rediatere ya aluminyumu inaikula, na ikidondoka ku karte (ubao wa vyombo vya umeme mu mashine) inapitisha umeme, inaweza kuunguza. MX-4 haipitishi umeme, mutu anayeanza afanye bila kutetemeka mikono.

Arctic wanasema inadumu miaka 8. Mi nitafungua kila miaka miwili, vumbi ya Katuba haingojei. Ku sirinji kulibaki ya kutosha, juma iliyopita nikapakaa ordinatere ya shemeji, yake ilikuwa 91.