Moduli ya redio ya HC-12: usikivu kabla ya nguvu

Kwa miezi kadhaa nimetumia jozi ya moduli za HC-12 kupeleka taarifa za kina cha maji kutoka kwenye tangi lililo juu ya shamba hadi kwenye kibanda cha pampu, umbali wa mita 600 hivi, katikati pakiwa na migomba na safu ya miembe. Moduli hii hutumia chipu ya Si4463 katika masafa ya megahezi 433 na hukubali umeme wa volti 3.2 hadi 5.5, hivyo kuiunganisha na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta ya kudhibiti vifaa) ni kazi ndogo.

Wauzaji huisifu zaidi kwa miliwati zake 100 za kurusha. Nguvu hiyo ina ngazi nane, kuanzia dBm -1 hadi dBm 20, zinazopishana kwa desibeli 3 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli; dBm 20 ndizo hizo miliwati 100), nayo hubadilishwa kwa amri za maandishi za AT+P1 hadi AT+P8 baada ya mguu wa moduli ulioandikwa SET kuunganishwa na GND, yaani upande hasi wa umeme. Tatizo ni kwamba moduli hutoka kiwandani ikiwa tayari kwenye ngazi ya nane, kwa hiyo mtu ambaye taarifa zake zinapotea njiani, kama zilivyopotea zangu, hana ngazi nyingine ya kupanda.

Nafuu niliipata upande wa kipokezi. Kwa kasi ya kiwandani ya biti 9600 kwa sekunde kati ya moduli na Arduino, maelezo ya kiufundi yanataja usikivu wa dBm -112. Kasi ikishushwa hadi 2400, usikivu hufika dBm -117. (Asiyezoea namba hizi asichanganyikiwe: kadiri zinavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo kipokezi kinavyonasa mawimbi hafifu zaidi.) Desibeli hizo 5 ni sawa na kuzidisha nguvu ya kurusha zaidi ya mara tatu. Hazikuja bure, kwa sababu kasi ya hewani, kati ya moduli na moduli, nayo hushuka kutoka biti 15,000 hadi 5,000 kwa sekunde na kila ujumbe hukaa hewani mara tatu zaidi, lakini kwa tarakimu chache za kina cha maji ucheleweshaji huo hauonekani kabisa. Sharti ni moja: moduli zote mbili ziwekwe kwenye kasi ileile, ama sivyo hazitasikilizana.

Jozi nyingine, iliyo umbali wa mita 40 uani, nimeishusha hadi ngazi ya tatu, nayo haijakosa ujumbe.

Kasoro ninayoiona kubwa ni kwamba hakuna amri ya kusoma nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, ingawa chipu yenyewe inaweza kuipima. Kwa hiyo ngazi inayofaa hutafutwa kwa kubahatisha, huku mtu akipanda na kushuka kilima. Tena, moduli ikiwa inasikiliza tu hutumia miliampea 16 hivi. Pasipo paneli ya jua, au bila kuilaza kwa AT+SLEEP, nisingeitegemea kwa betri peke yake.