Cooper Black: fonti nzuri, mikononi mwa watu wasiosikia

Nilikuja hapa kuipa Cooper Black nyota moja, tena kwa shingo upande. Hasira zimepungua kidogo, kwa hiyo nitajaribu kutenda haki, ingawa siahidi.

Siku si nyingi nilipeleka kipeperushi cha mashindano ya mbio kikachapwe. Maagizo niliyatoa kwa maandishi: kichwa kiwe Cooper Black, maelezo ya chini yawe fonti nyembamba ya kawaida. Jamaa wa uchapaji akaona ajiongeze. Akaimwaga Cooper Black kila mahali "ili vifanane", mpaka kwenye namba za simu, saizi 8! Wino ukaziba matundu yote. Herufi e doa, a doa, na Kiswahili chetu ndivyo kilivyojaa a, aya nzima ikawa matone ya wino. Namba ndiyo balaa: 6, 8 na 9 hazikutofautiana hata kidogo. Waliotaka kujiandikisha wakawa wanampigia mtu asiyehusika, naye akachoka akazima simu.

Nikarudi kulalamika. Kijana wa kaunta hata uso hakuinua. "Asiyeona avae miwani, mzee."

Miwani! Oswald Cooper, aliyeichora fonti hii kule Chicago ikatoka 1922, mwenyewe aliinadi kwa utani kuwa ni ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Yaani hao hao wa miwani ndio waliofikiriwa toka mwanzo. Huyu kijana anaichapa kila siku na hajui inafanya kazi gani.

Lakini na fonti yenyewe siiachii hivi hivi. Imevimba kupita kiasi. Tundu la juu la e ni kama mkwaruzo wa kucha, sasa hapo wino ukitanuka kidogo utabaki na nini? Tena haina mguu bapa hata mmoja, ncha zote zimeviringwa, na o imelalia nyuma. Kwenye maandishi madogo vitu vyote hivyo ni kero tupu. Nyota mbili, basi.

Halafu nikitazama kile kichwa chao, moyo unalegea. "Mbio" kwa saizi kubwa, jamani! Ule mlalo wa o ulionikera ndio unaolipa neno uhai. Unaona kabisa linataka kuondoka. Mikia ya g, p na y ni mifupi, kwa hiyo nilibananisha mistari miwili bila kugongana. Inapaza sauti lakini haigombi. Si ajabu shirika la ndege la easyJet wameiweka kwenye nembo yao, wala si ajabu kwamba ilipoanza kuuzwa sana, kampuni ya herufi za uchapaji ya Monotype ya Marekani walimtaka mchoraji wa fonti Frederic Goudy achore nyingine ya kushindana nayo.

Kwa hiyo bango, kichwa cha tangazo, jina la duka, fulana: itumie bila woga. Tanzia hapana, utaonekana unashangilia. Na chochote chini ya saizi 18 usithubutu, hata mchapaji akikuapia.

Nyota nne, nimebadilisha tena. Wale wa kaunta hata nusu hawapati, na salio la malipo yao watalisubiri mpaka vipeperushi vichapwe upya.