Lushoto siku tatu na familia: uzoefu wangu

Sisi wa Tanga mjini, Lushoto tunaijua kwa kabichi na karoti zinazotufikia sokoni. Nimekulia Chumbageni, lakini mwezi wa saba uliopita ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda kulala huko. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa.

Tulipanda basi Kange, Ijumaa asubuhi. Muheza, Segera, Korogwe, joto ni lile lile. Mambo hubadilika Mombo, gari linapoiacha barabara kuu na kuanza kukwea. Kona juu ya kona, upande huu mwamba, upande ule korongo. Anayechefukwa na safari ajiandae mapema. Kabla ya Soni binti yetu alishasema masikio yameziba, na madirisha yaliyokuwa wazi tangu Tanga yakafungwa moja baada ya jingine.

Nyumba ya wageni tuliiweka kwa simu, elfu 40 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Chumba kisafi, blanketi nzito. Ila niliuliza mara mbili kama bafuni kuna maji ya moto, nikahakikishiwa yapo, na tulipofika hita ilikuwa mbovu siku nyingi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukiongea usiku mvuke unakutoka mdomoni. Nilikasirika, maana nilikuwa na mtoto. Aliyetuokoa ni dada wa jikoni: alituchemshia maji kwenye kuni, akawa anatuwekea ndoo mlangoni asubuhi na jioni bila kukumbushwa. Mwenye nyumba angesema kweli tangu mwanzo, tungekwenda vile vile.

Jumamosi tulikodi kijana wa kututembeza hadi Irente, kwenye ukingo wa mlima, mwendo wa kilomita sita hivi kwa miguu, mashambani na vijijini. Kila mzee tuliyekutana naye, kijana alisimama na kumwamkia kwa Kisambaa, "Onga mshi," mpaka binti naye akaanza kuwaamkia. Usiende bila mwenyeji. Njia tungeiona, lakini watu tungewapita tu.

Tulipofika ukingoni, ukungu mtupu. Mume wangu akataka turudi. "Subiri kidogo, mzee," kijana akasema. Tukakaa juu ya jiwe, baridi inapenya kanga. Mara ukungu ukapasuka katikati, na chini kabisa ikatokea nchi nzima: Mazinde, mashamba ya mkonge yamenyooka mistari, na ile barabara kuu tuliyoiacha jana, malori yakitambaa kama siafu. Binti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakusema neno. Nami sikuwa nalo.

Tukarudi kupitia Irente Farm, tukala mkate mweusi, jibini na jemu yao. Jibini ile tulibeba hadi nyumbani.

Jumapili ni siku ya soko, kwa hiyo pangeni msiondoke alfajiri. Mboga zinatoka shambani na umande wake, na mama mmoja alituongezea karoti baada ya kusikia binti anaamkia kwa Kisambaa.

Desemba tunarudi na mama yangu, plamu zikiwa zimeiva, na tutalala siku tatu badala ya mbili. Msitu wa Magamba hatukuufikia.