Nimenunua ugomvi wa wanamieleka Steen na Generico laibrari moja Majengo, nikapewa kinyumenyume

Wiki mbili nimekaa nafikiria niandike au niache, ila jana nimepita tena pale dogo ananiuliza "kaka ule mzigo vipi, uliukubali?" nikajikuta nachekacheka tu kama bwege. Kwa iyo acha niandike. Jina la laibrari silitaji, dogo ni mstaarabu na anatafuta ridhiki yake, we jua tu ni moja kati ya zile za kuingiza muvi kwenye flashi maeneo ya Majengo hapa Dodoma. Na najua, najua, ni kazi za watu zile, wa COSOTA (wale wa hakimiliki) mkipita hapa piteni tu salama.

Kilichonipeleka ni mieleka. Sio hii ya WWE kila mtu anaijua, mi nilikuwa natafuta ule ugomvi wa Kevin Steen na El Generico enzi hizo bado wanapigana huko chini, kumbi ndogo ndogo, posho ndogo, yaani kama ndondo zetu tu ambapo mpira unapigwa mtamu kuliko hata ligi lakini nje ya uwanja hakuna anayekujua. Nikamwambia dogo nataka wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akasema njoo kesho na flashi ya thelathini na mbili na elfu nane. Nikarudi kesho yake nikakuta kweli kaweka! Hapo nampa maua yake, sijui alizitoa wapi, maana hapa mjini ukiulizia mieleka unapewa John Cena kumaliza habari.

Shida imeanza nyumbani. Mafaili yameandikwa MIELEKA 1, MIELEKA 2, MIELEKA 3 ivo ivo mpaka 7, hamna mwaka, hamna jina. Nikajua basi namba ndo mpangilio, si ndo akili ya kawaida jamani?

Sebuleni tuko mimi, wife, na baba mkwe, ametoka Kongwa kuja kliniki. Mzee alikuwa hana mpango na TV, anasubiri taarifa ya habari tu. Naweka MIELEKA 1, kumbe ni ile ya ngazi ya Desemba 2012 pale Hammerstein Ballroom New York, yaani MWISHO kabisa wa ugomvi wao kwenye kampuni ya mieleka ya ROH (Ring of Honor). Steen ndo bingwa, kijitu kinene kina ndevu na domo refu, mkanda umening'inizwa juu, mwenye kupanda ngazi akauchomoa ndo wake. Generico mwembamba kavaa kinyago uso mzima. Mzee akauliza swali moja tu, "huyu aliyejifunika uso kaiba nini?" Nikajaribu kuelezea kwamba ni staili ya wapiganaji wa Meksiko, na huyu hata Mmeksiko si kweli, ni wa Kanada mzazi Msyria, yeye na Steen wote wa Quebec na wote wa 1984, mzee akaniangalia kama naongea Kichina. Akachagua upande palepale, stelingi wake ni Steen kwa sababu uso unaonekana.

Na Steen akashinda bwana. Kabla ya hapo wameangushana juu ya ngazi zile za chuma mpaka wife akaondoka kwenda kuangalia mboga jikoni ambayo ilishaiva toka saa moja. Mzee kafurahi, "haki imepatikana".

MIELEKA 2, Desemba 2010, ukumbi uleule. Hapa waliwekeana dau ambalo mi kwenye mieleka sijaona la kulizidi, Generico akipigwa anavua kinyago, Steen akipigwa anaacha kazi ROH. Generico akashinda, Steen akaondoka kwenye kampuni. Sasa mzee akachanganyikiwa, "si jana kashinda huyu na mkanda anao?" Nikamwambia baba hii ya nyuma, akasema mbona mmeanza na ya mbele. Nikakosa jibu. Na ndo hapo utamu ulipotutoka, maana kama ungeanza kwenye mstari ungeona jamaa anafukuzwa 2010, anarudi kwa mbinde 2011, Mei 2012 anamnyang'anya Davey Richards mkanda kule Toronto, na mwisho wa mwaka nani anakuja kuudai? Yuleyule aliyemfukuzisha kazi. Sisi tumeanza na jibu tukawa tunatafuta swali.

MIELEKA 3 sasa. Hii ndo mbegu ya yote, Desemba 2009. Hawa walikuwa timu moja, Septemba 2008 walichukua mikanda ya wawili wawili kwa kina Jimmy Jacobs na Tyler Black (ndo huyu mnayemjua leo kama Seth Rollins), wamezunguka pamoja kumbi zote mpaka Reseda kule California. Usiku ule wa 2009 wakafungwa na timu nyingine ya wawili, Young Bucks, mechi imeisha, Steen akachukua maiki akaongea, ukumbi mzima unadhani anaaga rafiki yake, kumbe. Akamtandika kiti cha chuma. Generico kasimama tu wala hajajikinga, ndo kitu kinachoniuma mpaka leo nikiiona.

Sasa faili hili lilikuwa limetafsiriwa. Jamaa aliyetafsiri sijui alikuwa anaangalia nini, Generico anamwita Rey Mysterio mwanzo mwisho, na ile hotuba ya Steen kaigeuza eti ni ndugu wanagombania mirathi ya shamba! Hakuna hata kidogo. Sauti yake iko juu ya kila kitu, husikii ukumbi, na ukumbi ndo nusu ya utamu wa Generico, watu wanamwimbia Olé olé kama mpira. Ila lazima niwe mkweli, mzee alielewa vizuri kwa mirathi kuliko kwa maelezo yangu ya siku mbili. Kiti kilivyotua kwenye mwili wa Generico akanyamaza. Akavua kofia. Akasema "kumbe mnene ndo alianza." Afu akaagiza turudie MIELEKA 1, tukairudia, safari hii anamshangilia mwenye kinyago na anajua kabisa atapigwa.

MIELEKA 4 ni sizoni ya Kikorea sehemu ya kumi na moja. Sitanii. Nitarudi hapo.

5 na 6 ni za WWE, Generico kavua kinyago ndo Sami Zayn, Steen ndo Kevin Owens. Hizi picha safi, na hazijatafsiriwa. Desemba 2014 Zayn kachukua mkanda wa NXT (ligi ndogo ya WWE), rafiki yake Owens kaja kumkumbatia, mzee akaropoka "kimbia wewe!" na kweli dakika chache baadae kabebwa juujuu akapigizwa mgongo kwenye ukingo wa ulingo. Februari 2015 na mkanda wenyewe ukaenda kwa Owens. Ya 7 ndo WrestleMania (onyesho kubwa la WWE la kila mwaka) ya 2023, wako timu moja tena, wanawapokonya mapacha wa Usos mikanda ya wawili wawili. Mzee akasema hao ni watani hao, maadui hawarudiani hivyo, kama sisi Wagogo na Wahehe, matusi mchana jioni mnakula wote. Sikutaka kumwambia kwamba Machi 2025 walishachapana tena Toronto.

Kuhusu dogo sasa. Kutafuta mzigo, kumi kwa kumi. Bei sawa, lugha nzuri, hata kava la flashi alinipa bure sababu ya vumbi. Mpangilio, mbili. Na hiyo mbili ni kwa huruma. Nikamwambia andika hata mwaka tu mbele ya faili, akasema "kaka mieleka si mieleka tu, wanapigana", nikaona huyu tusisumbuane. Ukienda kwake kwa muvi ya kawaida hamna shida, ukienda kwa kitu chenye mwendelezo kaa nae palepale kwenye kompyuta, fungua kila faili, panga mwenyewe kabla hujatoa hela.

Ile sizoni ya Kikorea nilitaka kuifuta, wife kakuta nimeiacha kwenye flashi kaiangalia peke yake mpaka mwisho. Sasa anataka ya kwanza mpaka ya kumi, na ya kumi na mbili kuendelea. Dogo anasema mia tano kila sehemu, ziko ishirini na nne.