Docker kwenye seva ya GB 8: mapitio baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Ofisi yetu ndogo hapa Area D, Dodoma, hutunza kumbukumbu za wakulima wa zabibu, na kwa muda mrefu seva yetu moja yenye RAM ya GB 8 ilibeba mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja. Kila moja ilikuwa na mfumo endeshi wake kamili, hivyo ilishikilia GB 2 hata isipokuwa na kazi. Umeme ulipokatika na kurudi, tulikaa dakika kadhaa tukisubiri mifumo yote iwake, huku mkulima amesimama mezani na stakabadhi mkononi.

Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya makontena iliyotolewa mwaka 2013, ina njia nyingine. Kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na vitu inavyohitaji, halibebi mfumo endeshi kamili; linatumia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ileile ya Linux iliyomo kwenye seva, na kerneli hiyo ndiyo inayolitenga na mengine na kulipimia kiasi cha RAM na prosesa linachoruhusiwa kutumia. Mashine pepe ni sawa na kumjengea kila mpangaji nyumba yenye kisima chake, ilhali kontena ni chumba chenye kufuli ndani ya nyumba moja. Sasa, seva ikishawaka, huduma zetu huwa tayari kabla sijamaliza kuingiza nywila.

Jambo lililonifurahisha zaidi, kwa kuwa mtandao tunaununua kwa bando, ni kwamba imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huanzishwa kutoka kwacho, hujengwa kwa matabaka, na unaposasisha programu hupakuliwa yale tu yaliyobadilika. Imeji ya Alpine, toleo dogo la Linux ambalo wengi hulitumia kama msingi, haifiki hata MB 10.

Hata hivyo, nililipa ada ya ugeni. Picha za stakabadhi nilizihifadhi ndani ya kontena lenyewe badala ya kwenye volyumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena, kisha nikaandika docker rm, amri ya kufuta kontena, ili niweke toleo jipya, na picha za siku mbili zikapotea palepale. Kosa lilikuwa langu, lakini programu haikuniuliza hata mara moja kama nina uhakika.

Usalama nao una mpaka wake: kisima cha pamoja kikiharibika, wapangaji wote hukosa maji, yaani udhaifu mmoja wa kerneli huyagusa makontena yote. Kwa sababu hiyo nisingeweka mifumo ya wateja wasiojuana kwenye kerneli moja.

Wenye kompyuta za Windows wajue pia kwamba makontena ya Linux huko huendeshwa ndani ya mashine pepe iliyofichwa, kwa hiyo laptopu ya GB 4 italemewa. Kuhusu malipo, Docker Engine ya Linux, yaani injini inayoendesha makontena, ni ya bure, na Docker Desktop, toleo lenye madirisha kwa kompyuta binafsi, hudai ada kwa kampuni kubwa, zenye wafanyakazi 250 au zaidi, au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka.

Mashine pepe moja bado ninayo, kwa ajili ya programu ya zamani ya uhasibu inayotaka Windows, kwa kuwa kerneli ya Linux haiwezi kuibeba.