Pampu yangu ya petroli na maneno niliyoambiwa dukani

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Nina pampu ya maji ya petroli ya inchi 2, ile ya kuvuta kamba ambayo wakulima wengi wa zabibu huku Mpunguzi, Dodoma, tunayo. Nguvu zake na lita inazotoa sitazieleza, yameandikwa kwenye boksi. Nataka kusema kilichonikuta nilipoirudisha duka nililoinunua, kwa sababu mpaka leo nikikumbuka koo linanikaba.

Kwanza mjue ulikuwa wakati gani. Dodoma zabibu tunavuna mara 2 kwa mwaka, lakini mvua zetu ni za msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na zikikatika zimekatika. Zao la kiangazi linaishi kwa maji ya kumwagilia. Mimi nilikuwa nimeshapogoa, mizabibu imesimama kama fimbo kavu, macho ndiyo yameanza kuvimba yatoe machipukizi. Ukikosa maji hapo, msimu umekwenda. Ilikuwa mwezi wa nne kwenda wa tano hivi.

Nikaitoa pampu stoo, ilikokaa tangu mvua zianze. Kiangazi kilichopita haikunisumbua hata siku moja: fungua koki ya mafuta, funga choki (kile kizibo kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha), vuta kamba mara mbili, ya tatu inaunguruma. Safari hii nilivuta mpaka bega likauma. Ikiwaka, inawaka choki ikiwa imefungwa tu. Nikiifungua inakohoa, mlio unapanda na kushuka, inazima. Mpira wa kuvutia maji haukuwa na kosa, maana mpira ukiingiza hewa injini huendelea kuunguruma, ila maji hayaji. Nikabadilisha plagi. Nikaangalia oili, kwa kuwa baadhi ya injini hizi zina sensa: oili ikipungua, au ukiiweka mashine mahali palipoinama, inakata moto wenyewe hata kama ni nzima. Oili ilikuwa imejaa na pampu ilikuwa juu ya ubao, imekaa sawa. Nikaona nisihangaike, risiti ninayo, niwapelekee waliouza.

Nikaifunga nyuma ya bodaboda kwa mipira, nikapanda, tukaenda mjini.

Dukani nilimkuta kijana kwenye kiti cha plastiki, yuko na simu yake. Nikamsalimu, akaitikia bila kuinua uso. Nikaeleza tatizo lote kama nilivyolieleza hapa. Akaniuliza, "Nani anaiendesha?" Nikamwambia mimi mwenyewe. Akacheka. Alicheka kweli, akamgeukia mwenzake. "Ndiyo maana. Hizi siyo mashine za akina mama." Halafu akaongeza, "Huko vijijini mnaweka petroli za chupa zimechanganywa na mafuta ya taa, zikifa mnatuletea sisi." Petroli yangu nilinunua sheli, nikiwa nimesimama pale pale naangalia mita. Nikamwambia. Hakusikia, au hakutaka kusikia.

Palikuwa na wateja wengine wanne hivi. Wote wakaniangalia.

Sasa sikilizeni alichofanya. Akaishusha pampu sakafuni, kavu kabisa, haina tone la maji tumboni. Akafunga choki, akavuta kamba, ikawaka, akaiacha inaunguruma. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo haijajazwa maji, utaunguza sili." Kila mwenye pampu hizi analijua hili. Kati ya injini na pampu kuna sili inayozuia maji yasitoke kufuata shafti, na hayo hayo maji ndiyo yanayoipoza. Ikizunguka kavu dakika chache, inaungua. Ndiyo sababu tunafungua kifuniko cha juu na kumimina maji kabla ya kugusa kamba. Akanijibu, "Mama, unanifundisha kazi?" Na akaiacha iendelee. Nilisikia harufu ya mpira kuungua. Niliisikia kwa pua yangu.

Alipoizima akatoa hukumu: ringi za pistoni zimekufa, injini ishushwe, shilingi 180,000. Nikauliza waranti. "Waranti haihusu uzembe." Neno hilo, uzembe, nimelibeba mpaka nyumbani. Mimi ambaye nimesomesha watoto watatu kwa zabibu.

Nikaifunga tena kwenye bodaboda nikaondoka.

Pale senta yetu kuna fundi wa pikipiki, kijana mdogo, hana duka, ana mwembe na sanduku la spana. "Mbukwenyi mama," akanisalimia, akainuka kunishushia mzigo. Hakuniuliza nani anaiendesha. Alifungua tanki akanusa. "Ilikaa na mafuta?" Nikamwambia tangu Desemba. Akatikisa kichwa taratibu, akafunga koki, akachukua spana namba 10, akalegeza boliti iliyo chini ya bakuli la kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Petroli iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, inanuka kama vanishi ya mbao. Ndani ya bakuli palikuwa na utando wa kunata kama gundi.

Kisha akaichomoa jeti. Ni kitu kidogo cha shaba, hakifiki urefu wa kucha, kina tundu katikati ambamo petroli hupita kwenda kwenye injini. Akafumba jicho moja, akaielekeza juani, akatazama. Akanipa. "Tazama na wewe mama." Nikatazama: giza tupu. Akakata kipande cha waya wa umeme, akatenga uzi mmoja wa ndani, mwembamba kama unywele, akaupitisha kwenye tundu polepole, anauzungusha kwa vidole viwili. Akaniambia nisije nikatumia sindano kamwe, kwani shaba ile ni laini, tundu likipanuka injini itakunywa petroli kupita kiasi na plagi itakuwa nyeusi siku zote. Akapuliza kwa upepo wa kujazia matairi, akanirudishia jeti. Safari hii niliona nukta ya mwanga, ndogo, ya duara, safi. Sijui kwa nini machozi yalinitoka, lakini yalinitoka.

Aliirudisha, akaweka petroli mpya, akaniagiza ndoo ya maji, akajaza maji kwanza (kwanza!), ndipo akavuta. Mara ya pili ikawaka. Akafungua choki. Ikaendelea, mlio mmoja, haupandi wala haushuki. Alichukua shilingi 10,000.

Siku ile ningeulizwa, ningesema hii pampu haina mfano. Kosa halikuwa lake. Petroli ikikaa kwenye kabureta miezi, sehemu yake nyepesi inaruka, inabaki gundi inayoziba jeti. Inatakiwa msimu ukiisha umwage tanki, ufunge koki, uiache injini iungurume hadi ijizime kwa kukosa mafuta, au ufungue ile boliti ya chini na kuikausha. Mimi sikufanya hivyo, na sikatai. Lakini nani aliniambia? Kijitabu ni Kichina na Kiingereza. Wanaotuuzia wanajua kabisa kwamba Dodoma pampu inalala miezi minne au mitano kila mwaka wakati wa mvua. Sentensi moja tu wakati wa kunipa risiti, "Mama, usiilaze na mafuta," ingetosha. Badala yake walitaka 180,000 kwa injini isiyo na ugonjwa.

Maji yakafika shambani. Siku ya tatu nikaona tone. Linatoka pale injini inapokutana na pampu, tone, halafu tone, kufikia jioni ni uzi wa maji. Sili. Nilizunguka soko la Sabasaba mjini karibu siku nzima hadi nikapata inayoingia. Yule fundi alipofungua impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, na kuitoa sili ya zamani, uso wa sili hiyo ulikuwa mweusi na umepasuka.

Nimejiuliza usiku, labda namwonea yule kijana wa dukani. Kisima changu kipo pembeni ya korongo, maji yana mchanga, na mchanga unakula sili. Huenda ilikuwa imeanza kuchoka. Lakini mchanga hukwaruza, hauunguzi, na kabla ya siku ile pampu yangu haikuwa imedondosha hata tone. Hapana, simwonei.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mnunue pampu ya aina hii, juzi ningesema nunueni bila kusita. Leo nasema nunueni, ila siyo mahali ambapo hawawezi kuishusha sakafuni bila kuiharibu. Na hata hapo nasita, kwa sababu nilipotafuta impela ya akiba niliambiwa ya aina hii wanayo wao tu. Ina maana kila itakapoharibika nirudi kwenye kile kiti cha plastiki. Mashine nzuri yenye vipuri kwa mtu mmoja tu, nayo nisiisifie sana.

Mizabibu imechipua. Mistari miwili ya mwisho ilichelewa kupata maji na inaonekana kabisa, majani yake ni madogo.

Pesa zao sizitaki. Nataka yule kijana aniangalie usoni aseme, "Mama, nilikosea kuiwasha kavu." Ile sili iliyoungua ninayo, nimeiweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Siku nitakayopeleka zabibu mjini nitapita nayo dukani.