Baiskeli Lushoto na msitu wa Magamba, uzoefu wangu: njia, breki na hela

Naanza na jibu maana najua wengi mnasoma mistari miwili mnasepa: njia nazipa nyota tano, baiskeli za kukodi nazipa mbili, na hizo mbili zenyewe nimezitoa kwa huruma. Ukiwa na baiskeli yako beba, ukiwa huna soma hadi chini nitakwambia cha kukagua kabla hujatoa hela.

Mi mtu wa Dar, wikiendi nyingi naishia Kisarawe kwenye msitu wa Pugu, kwahiyo vilima na miti sio vitu vigeni kwangu. Ila Pugu ni mchanga na joto, unakata kilima kimoja dakika kadhaa umemaliza unashuka. Usambara Magharibi, milima ya Tanga iliko Lushoto, ni habari nyingine kabisa jamani. Pale Mombo kwenye lami kuu ya kwenda Moshi na Arusha uko kama mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama 1,400, ndani ya msitu wa Magamba kuna sehemu zinavuka elfu mbili, na humo katikati sehemu tambarare ya kupumzisha miguu hamna, ni unapanda au unashuka. Sisi tuliozoea hewa ya pwani siku ya kwanza utahema kama umekimbizwa na hujafika hata mlima wenyewe, kwahiyo ukifika lala, zunguka mjini taratibu, kula, msitu uuache kesho yake.

Kufika ni rahisi, mabasi ya Dar kwenda Lushoto moja kwa moja yapo, yanapita Korogwe, yanaacha lami kuu Mombo na kuanza kupanda. Baiskeli inaingia kwenye buti ila elewana na konda bei KABLA haijapakiwa, ikishaingia chini ya mizigo ya watu huna sauti tena. Toa tairi la mbele, geuza usukani, ile pedeli ya upande wa nje fungua au ifunge kanga, na mwambie kabisa isilaliwe na magunia upande wa gia. Ya mwenzangu ilipinda kile chuma kidogo kinachoshika gia za nyuma na Lushoto mafundi wa baiskeli wapo, tena wazuri, ila wamezoea foniksi na baiskeli za kawaida, vifaa vya gia nyingi usitegemee kuvikuta. Fundi alikinyoosha kwa mkono na spana, jicho moja kalifumba, na kikakaa sawa kuliko nilivyotegemea, akatoza buku mbili.

Sasa hizo za kukodi. Tulichukua mbili kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuja na za kwao, jamaa wanaokodisha siwataji maana sio lengo kumharibia mtu riziki. Elfu hamsini kwa siku kila moja pamoja na kijana wa kutuongoza, bei ya kwanza ilikuwa ya mtalii kabisa, ikashuka tulipoanza kuongea Kiswahili cha nyumbani. Kwa macho zinang'aa, zimeoshwa, cheni imepakwa oili mpaka inadondosha. Nikainua ya kwanza nyuma nikazungusha tairi nikabana breki, nikasikia krrr. Nikachungulia kwenye kile kibano kwa tochi ya simu, pedi zimeisha zote, imebaki bati inakula disku na disku imeshachorwa mistari kama sahani ya santuri. Nikamuuliza kijana, bro hii unampa mtu ashuke nayo Magamba? Akacheka, akasema kaka hiyo ya nyuma haina shida, tumia ya mbele. Hapo ndo nilichoka. Kwenye mteremko wa udongo mbichi ukitegemea breki ya mbele peke yake unaenda kubusu ardhi. Kiukweli kijana mwenyewe hana kosa, alienda akarudi na pedi alizozitoa kwenye baiskeli nyingine, na akazifunga vizuri, lakini nikabaki najiuliza hiyo nyingine kesho nani atapewa.

Kwahiyo kagua hivi: pedi za breki uzione kwa macho, sio uambiwe. Shika tairi ulitikise kushoto kulia, likicheza beringi zimechoka. Shokapu ya mbele ikandamize, isipopanda yenyewe hiyo ni pambo. Gia nyepesi kabisa ndo muhimu kuliko zote, kama haiingii achana nayo maana huko juu utaishi kwenye hiyo gia. Na helmeti ikae kichwani, sio ile inayozunguka kama sufuria, bora ununue ya kwako Dar.

Tuje kwenye njia zenyewe.

Ya kupashia misuli ni ya Irente. Unatoka mjini unapita Yoghoi, kilometa tano sita hivi, barabara ya vumbi ambayo gari linapita, inapanda taratibu, huhitaji mtu wa kukuongoza. Mwisho wake ni ukingo, mlima umekatika kabisa na chini kule unaiona nyika yote ya Mazinde, mashamba ya mkonge yako kwenye mistari. Kuna njia ya mguu inashuka kutoka huku hadi chini na kila mara anatokea mtu anauliza kama baiskeli inapita, haipiti, labda wewe uibebe mgongoni na mbuzi wakucheke. Kurudi pitia shamba la Irente wana mkate wao mweusi na jibini, ni hela kidogo ila kwa aliyetoka kupanda inalipa.

Magamba ndo yenyewe sasa. Kutoka Lushoto unapanda lami mpaka kijijini Magamba, halafu msitu ni wa hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unalipia kiingilio kwa kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali, raia hela yetu ni ndogo ukilinganisha na wageni, ila hakikisha umelipia mapema maana mtandao wa simu ukigoma mnasimama getini mnaangaliana. Ndani kuna barabara za zamani walizokuwa wanavunia mbao, pana kiasi cha watu wawili kwenda sambamba, majani yamejifungia juu na udongo wa chini ni mweusi, laini, umejaa majani makavu, tairi linaenda kimyakimya unasikia pumzi yako tu na mbega wakirukaruka juu. Miti ya mikulo humo ni mikubwa, mingine ukisimama na baiskeli yako pembeni inaonekana kama ya mtoto. Baridi, mwezi wa saba tulivaa jaketi mpaka saa nne asubuhi na ukungu haukutoka.

Halafu kijana akatuingiza kwenye njia nyembamba ya mguu. Aisee. Hapo ndo hela yangu yote ilirudi. Ni kama sentimita arobaini upana, upande mmoja ukuta wa udongo na kangaga zimejaa, upande mwingine bonde, na mizizi inakatiza ikiwa na unyevu. Mizizi ile usiipite kwa kukata pembeni, ipite tairi likiwa limenyooka, breki umeachia, mwili nyuma kidogo ya siti, ukibana breki ukiwa juu ya mzizi umelala. Upepo wa tairi tulipunguza kabla ya kuingia na ulisaidia sana, tairi lilikuwa linashika. Kwenye kona moja mwenzangu wa mbele akasimama ghafla tukagongana karibu wote, kumbe kuna kinyonga mwenye pembe mbili puani anavuka njia, mguu mmoja mbele, anayumba, anawaza, anarudisha. Tulimsubiri. Hakuwa na haraka hata kidogo na macho yake kila moja lilikuwa linamwangalia mtu wake.

Ukitoka msituni unaingia mashambani, hapa udongo unabadilika unakuwa mwekundu wa mfinyanzi, na hapa ndo nataka watu wa baiskeli mnisikilize. Hizi sio njia zilizochongwa kwa ajili yetu. Ni njia za watu kwenda shamba, gulioni, shule, zimekaa pembeni ya matuta ya kabichi na karoti na mifereji ya maji. Utakutana na bibi ana mzigo wa kuni kichwani na njia ni moja. Unashuka, unaegesha baiskeli upande wa bonde, shikamoo bibi, anapita. Mmoja alinijibu marahaba mwanangu halafu akaniuliza kwanini nateseka na mabodaboda yapo. Sikuwa na jibu. Kuna wenzetu niliwakuta wanashuka hapo kama wanamkimbia simba na kamera kichwani, mtoto wa shule akarukia mtaroni, siku moja wanakijiji watafunga njia na watakuwa na haki yao. Nunua kengele, ile ya foniksi ya trii trii pale Kariakoo, kila mtu kijijini anaielewa.

Mvua ikinyesha usiende. Yaani masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, huo udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na fremu mpaka tairi linagoma kuzunguka, unabeba baiskeli yenye kilo za tope. Vuli nayo ina siku zake. Miezi ya sita hadi ya tisa ni baridi ila kukavu kiasi, na mwezi wa kwanza na wa pili ni poa pia.

Kuna ile ndefu ya kupitia Lukozi na Shume mpaka Mtae, kule mlima unapoishia kaskazini, hiyo lala njiani usijifanye mwamba. Barabara ni ya vumbi, msitu wa kupandwa wa misonobari Shume una kivuli kizuri lakini malori ya mbao na ya viazi yanakutimulia vumbi, mi binafsi vijia vya Magamba navipenda mara kumi.

Kushuka Soni hadi Mombo kwa lami, hiyo watu wanaisifia, kilometa kama thelathini na tatu kutoka Lushoto na karibu zote unashuka. Mi naipa nyota tatu. Maporomoko ya Soni mazuri ndio, ila barabara nyembamba, kona zimejificha, basi likija linachukua njia yote linapiga honi tu. Breki usizibane mfululizo, bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha zipoe, sisi tulisimama Soni tukamwagia disku tone la maji likachemka palepale, msiguse kwa kidole. Ukifika Mombo joto linakupiga usoni na jaketi linakuwa mzigo, na mabasi ya kutoka Arusha yanafika yamejaa buti, kwahiyo wenye baiskeli bora mpande la kutoka Lushoto kwenyewe, mteremko mfanye asubuhi halafu mrudi juu kwa Noah au kosta, baiskeli juu ya kibebeo, kamba zenu wenyewe.